Hati Inasema Nyumba Ilikuwa Tupu

Mubambiro, tarehe 9 Juni 2025

Kwa Habineza, mwana wa Nzabandora, Pinga

Salamu nimewawekea watu walio wema kwangu. Wewe pokea barua.

Nakuandikia kwa kalamu kutoka hapa ukimbizini kwa sababu simu yako haipatikani tangu antena ya huko ianguke, na hata ilipokuwa imesimama ulikuwa huipokei ukiona jina langu. Motari, yule wa pikipiki anayepeleka chumvi Pinga, amekubali kuibeba. Nimemwambia akukabidhi mkononi, si kwa jirani, usije ukasema hukuiona.

Nimesikia kwa chefu, mkuu wa kijiji chetu cha Burungu, kwamba umemtumia ujumbe. Eti mama yako, mzee Mukandayisenga, anaumwa, na siku ikifika atazikwa "kwetu, kwenye nyumba ya juu, karibu na baba". Kwetu! Nilimwomba chefu arudie neno hilo, maana nilidhani sikusikia vizuri.

Nikukumbushe historia ya nyumba hiyo, kwa kuwa naona imekutoka kichwani. Ilijengwa mwaka 1951 na mzungu wa pareto, yule ambaye wazee walimwita Bwana Saa Sita kwa sababu kengele yake ililia saa sita kamili hata mvua ya mawe ikinyesha. Alikimbia mwaka 1964. Nyumba ikabaki. Mwaka 1974, serikali ilipogawa mali za wageni, marehemu baba yangu Bisengimana alipewa kilima chote pamoja na nyumba. Hati ninayo. Nimekimbia nayo mara nne nikiwa nimeifunga tumboni kwa kitenge. Imeandikwa kwa Kifaransa safi: mali iliyoachwa, nyumba tupu, haina mkaaji. Baba yako alikuwa kapita wa mzungu, yaani msimamizi wa wavunaji wa maua, si mwenye nyumba. Baba yangu alimwachia jiko la nje akae, na alipokufa akaruhusu azikwe nyuma ya jiko hilo. Yote hayo yalikuwa huruma, na sasa naona huruma hiyo imezaa nini.

Maana unataka kaburi la pili. Mimi si mtoto, Habineza. Kaburi moja, watu husema ni la mfanyakazi. Makaburi mawili, watu husema hapa ni kwao. Mwakani utakuja na kamba ya kupimia. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na nakala ya barua hii nimempa chefu.

La mwisho. Milango miwili ya mbele haipo. Majirani wanasema ni wewe uliyeing'oa kwenye bawaba mlipokimbia mwaka juzi. Irudishe.

Vénantie Kayitesi, binti wa Bisengimana


Pinga, tarehe 21 Juni 2025

Mama Vénantie mwenye hati,

Barua yako imefika imelowa chapachapa, lakini sumu yake haikutoka hata tone.

Mimi ni fundi wa mbao. Sikusoma mpaka ulipofika wewe, mwalimu mstaafu. Lakini nyumba ile naijua kwa mikono yangu. Unasema "ilijengwa na mzungu". Mzungu alibeba jiwe gani? Mawe yale yalitoka mtoni, yakapandishwa kilimani juu ya vichwa vya watu wetu, na babu yangu alirudi nyumbani na shingo iliyokaa upande mpaka akafa nayo. Kilima chenyewe kilikuwa shamba letu la mtama na maharagwe kabla hatujajua pareto ni nini. Halafu tukafundishwa kuchuma maua asubuhi na kuyakausha kwenye tanuru mchana, na moshi ule mama yangu anaukohoa mpaka leo. Hati yako imeandika hayo kwenye ukurasa wa ngapi?

Tena kuna karatasi nyingine, ambayo si ya serikali. Mzungu alipopanda lori mwaka 1964 alimwachia baba yangu maandishi. Ninayo hapa. Ni neno moja kwa penseli: Rindira. Unajua Kinyarwanda kama mimi. Maana yake ni linda kwa ajili ya mtu. Yaani, Nzabandora, nilindie nyumba. Na baba akalinda. Miaka kumi alilinda, yeye na mama yangu, akafukuza wezi, akabembeleza askari, akaziba mabati, mpaka baba yako alipofika na ng'ombe wake akaingiza ndama kwenye chumba ambamo watu walikuwa wakila. Ndiko mlikojifunzia kutengeneza jibini, siyo? Watu wa Goma wanaoilamba wajue ilianzia sebuleni penye mavi.

Mama ana miaka themanini na tatu. Miguu imevimba, chakula kigumu hakipiti. Kila siku anasema kitu kimoja tu: "Munirudishe ku nyumba." Hapa tumepokewa na binamu yangu Kabera, mtoto wa ndugu ya baba, na ametupokea vizuri, sina la kumlaumu. Lakini mama hataki hata kusikia habari ya kuzikwa Pinga. Kabera akimletea uji, anamgeuzia mgongo. Nadhani ni ugonjwa.

Atazikwa pale, karibu na mume wake. Ukitaka kunizuia, simama njiani tuonane.

Kuhusu milango: niliitoa ili askari wasiipikie maharagwe. Nimeificha, iko salama. Niliiranda mwenyewe mwaka 2009 kwa mbao za mkaratusi wenu, na mpaka leo sijasikia asante.

Habineza


Burungu, tarehe 3 Julai 2025

Habineza,

Nimerudi. Naandika nikiwa barazani, nimekalia debe, kwa kuwa viti vyote vimeliwa na moto wa watu nisiowajua.

Kwa kuwa unapenda historia, nikupe ya karibu. Mabati ya upande wa mashariki hayapo. Mbao za sakafu ya chumba cha wageni zimeng'olewa zote. Lile tanuru la pareto, ambalo sisi tulilifanya chumba cha jibini, sasa lina mchoro wa bunduki ukutani, na chini yake mtu ameandika jina la msichana. Nyumba hii imekuwa ghala la misaada, imekuwa shule kwa mwaka mmoja, imelaza majeruhi, na kila aliyepita ameondoka na kipande. Niliondoka na ng'ombe thelathini na mmoja, nimerudi na wanne. Kwa hiyo acha kuniandikia kama unamwandikia tajiri.

Sasa neno lako. Rindira! Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ndiyo, Kinyarwanda nakijua, na ndiyo maana najua kwamba neno hilo lina maana mbili na wewe umechagua iliyo tamu. Rindira ni lindia. Rindira pia ni ngoja. Mama akimwambia mtoto rindira, hamwambii alinde kitu. Anamwambia akae chini atulie, zamu yake itafika. Mzungu alimwambia baba yako angoje. Ngoja, narudi. Naye hakurudi. Huo ndio mkataba wenu wote: mtu aliambiwa angoje, akakaa akingoja, kama mbwa mbele ya duka lililofungwa.

Tena kama alilinda, nijibu, alikuwa amesimama wapi? Mwaka 1974 nilikuwa na miaka minane. Nilifika kilimani siku ile ya kwanza pamoja na baba, nikitembea nyuma ya ng'ombe. Sikumwona mwanamume yeyote. Baba yako nilimwona mwaka uliofuata, anapanda kilima na sanduku la bati kichwani na viatu vipya miguuni. Mlinzi gani anayefika kwenye lindo lake na sanduku? Muulize mama yako, kama huogopi jibu.

Kuhusu kaburi, hapana yangu ni ileile.

Vénantie Kayitesi


Pinga, tarehe 15 Julai 2025

Mama Vénantie,

Nisikilize vizuri, leo sina muda wa matusi.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilimsomea mama kwa sauti, kwa hasira, nikitaka asikie unavyomtukana mume wake aliyekufa. Nilipofika kwenye sanduku la bati na viatu vipya, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaomba uji akaunywa wote, jambo ambalo hajalifanya tangu Pasaka, nami kwa ujinga wangu nikafurahi.

Ijumaa nilikwenda msituni kupasua mbao. Niliporudi mchana kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Ameondoka kwa pikipiki na binti yangu Uwitonze. Uwitonze ana miaka ishirini na mitatu, alikuwa na uwezo wa kukataa. Ameacha ujumbe kwa Kabera: "Bibi alisema kama simupeleke, atatembea na miguu." Mama yangu huyo hawezi kufika hata kisimani.

Siwezi kuwafuata. Hali ya barabara unaijua. Kati ya hapa na Burungu kuna vizuizi vya kila upande, na mwanamume wa umri wangu akisema ametoka Pinga anaulizwa bunduki yake ameificha wapi. Wanawake wenye mizigo wanapita. Mimi nikijaribu, utakachopata ni habari yangu tu. Nimefika kizuizi cha kwanza mara mbili, mara mbili nimerudishwa, na mara ya pili walinivua viatu.

Wewe ndiye uliyemtoa kitandani kwa kalamu yako. Akifa njiani nitasema hivyo kila mahali, kanisani na sokoni, mpaka watu waache kununua maziwa yako. Na akifika, usimwache nje. Usimlaze jikoni. Sikuombi kwa wema wako, maana sijawahi kuuona. Nakuambia tu kwamba ni mama wa mtu.

Mpe maziwa yaliyochemshwa, si mabichi. Tumbo lake halibebi.

Habineza


Burungu, tarehe 24 Julai 2025

Habineza,

Amefika. Alifika Jumapili ile ya tarehe 13, watu wakitoka kanisani, akiwa amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa motari ili asianguke, na Uwitonze nyuma akimshikilia. Siku tatu njiani. Motari alikataa kuondoka mpaka amwone amekaa.

Hakunisalimu. Alisukuma mkono wangu, akapanda ngazi za baraza moja moja akishika ukuta, akapita mlango wa mbele, au tuseme tundu la mlango, shukrani kwako. Akaenda moja kwa moja mpaka chumba cha pembeni, kile chenye dirisha linalotazama mto, akalala sakafuni. Nikamwambia hicho ni chumba cha marehemu baba yangu. Aliyoyasema nakuandikia kama yalivyotoka, Uwitonze ni shahidi:

"Hiki kilikuwaka chumba changu mbele baba yako akuye. Nani alisemaka nyumba iko tupu? Mi nilikuwa ndani. Miaka kumi. Nilikuwa napika, moshi inatoka. Nyumba yenye kutoka moshi, inakuwa tupu namna gani?"

Nilikwenda kutafuta godoro. Godoro lilinipa sababu ya kutoka.

Siku ya pili nilimuuliza juu ya neno lako la penseli. Alicheka mpaka akapaliwa. "Muzungu alijulia wapi kuandika Kinyarwanda? Ile ni maandiko ya Nzabandora. Alipanda ku lori na muzungu, aniachie karatasi ku meza. Kama alitaka ningoje, ao kama alitaka nichunge nyumba, sijue. Mi nilifanya yote mbili."

Kwa maelezo yake, baba yako alimsindikiza mzungu kwenda kuvuka mpaka. Mzungu alivuka, yeye akakata njia akaenda Pinga. Huko alioa, akazaa. Habineza, huyo Kabera anayekulaza si binamu yako, ni kaka yako. Sasa unajua kwa nini mama anamgeuzia mgongo, na si ugonjwa. Mwaka 1975 baba yako alichokana na wa Pinga akarudi na sanduku lake. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, na mama yako akaamua kunyamaza. Uwitonze aliyasikia yote, alilia, halafu akaenda kuosha vyombo.

Nilidhani habari hii ingenifurahisha, maana ni ushindi wangu. Haikunifurahisha, kwa sababu ilikuja na nyingine.

Mimi nilimwona. Siku ile ya 1974 nilimwona mwanamke amesimama barazani na ufagio mkononi. Nilikuandikia kwamba sikumwona mwanamume, na neno hilo nililichagua. Baba alimwambia atoe vitu vyake. Vilikuwa sufuria mbili na mkeka. Akamhamishia jikoni, akamwambia tangu leo upite nyuma. Wiki mbili baadaye afisa wa ardhi alikuja kuandika, akauliza kama palikuwa na mtu ndani, baba akasema hakuna mtu. Mama yako alikuwa amesimama hapo hapo na birika, akimnawisha afisa mikono. Marehemu mama yangu Emérita alikuwa akimpelekea maziwa jikoni kila jioni mpaka alipokufa, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuulizana kwa nini.

Sasa sikiliza, maana hali ni mbaya. Hataki kuzikwa karibu na Nzabandora. Wewe umepigania hilo bure. Anataka mbele, hatua tatu kutoka ngazi. "Nilipita nyuma miaka ya kutosha," anasema. Nilimpelekea chefu neno hilo. Chefu anasema kwenye ardhi yenye ugomvi hazikwi mtu mpaka pande zote mbili ziandike na kutia sahihi: marehemu alikaa hapa tangu lini, nani mwingine alikuwepo, nani alimkuta. Yaani wewe uandike kwamba baba yako hakuwepo. Na mimi niandike kwamba nyumba haikuwa tupu. Ninachopoteza nakijua, maana hati yangu yote imesimama juu ya neno hilo moja. Unachopoteza wewe unakijua pia.

Andika wewe kwanza. Ukiandika, nitaandika.

Uji ameuacha tena. Maziwa anakunywa kidogo. Usichelewe.

V. K.


Pinga, tarehe 4 Agosti 2025

Mama Vénantie,

Miaka hamsini na mmoja. Miaka hamsini na mmoja ulijua! Umefundisha watoto wa watu kuandika, umewachapa viboko kwa kusema uongo, na wakati wote huo ulikuwa na mwanamke mwenye ufagio kichwani mwako. Katika barua yako ya kwanza ulinipa somo la historia, mwaka huu, mwaka ule. Yeye ulimweka mwaka gani?

Nilimuuliza Kabera, na sikumuuliza kwa upole. Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini akasema, "Tulizania unajuaka." Kila mtu hapa anajua. Mke wake anajua, watoto wake wanajua. Wamekuwa wakinihurumia huku wakinipakulia chakula. Nimehamia kwa fundi mwenzangu, nalala karakanani juu ya mbao, na sijui kama nitaweza kumtazama tena usoni. Ana pua ya baba. Sijui nilikuwa natazama nini miaka miwili hii.

Lakini kuandika, hapana. Baba yangu ndiye aliyenifundisha kushika randa. Nilipovunjika mguu alinibeba mgongoni kutoka Burungu mpaka Kitchanga, akiimba ili nisilie. Unataka nimwandike mtoro aliyetelekeza mke, karatasi isomwe mbele ya watu wote, naye hana mdomo wa kujibu? Andika wewe, ambaye baba yako alidanganya serikali. Baba yangu alidanganya nyumbani kwake tu.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho na naona haikai vizuri. Naiacha hivyo hivyo. Sina karatasi nyingine.

Mwambie mama nakuja. Nimepata mtu anayejua njia ya msituni, anasema tukipata siku mbili bila mvua tutafika. Asizikwe kabla sijafika. Ukimzika bila mimi sitakusamehe, na hayo si maneno ya hasira, nimeyafikiria siku tatu kabla ya kuyaandika.

Mwambie pia kwamba sijamkasirikia kwa kunificha. Hapana, usimwambie wewe. Uwitonze amwambie.

Habineza


Burungu, tarehe 16 Agosti 2025

Habineza,

Barua yako imefika jana. Mama yako alikufa tarehe 9, Jumamosi asubuhi, Uwitonze akimchana nywele. Tulimzika Jumapili mchana. Ulichotaka aambiwe, Uwitonze alikwenda kukisema kaburini jana hiyohiyo, peke yake. Mimi nilibaki barazani.

Sikukungoja. Ungeweza kusema ni kwa sababu ya mwili, na ni kweli hapa hatuna baridi ya kuutunza. Lakini chefu alikuwa tayari kutupa siku mbili zaidi, na mimi nilikataa. Mwanamke huyu alikuwa amengojeshwa vya kutosha, na sikutaka angojeshwe tena kwa ajili ya sahihi ya mwanamume aliye Pinga. Ukichukia hilo, una haki, chukia.

Wiki nne alikaa kwangu, au mimi nilikaa kwake. Nilimchemshia maziwa kama ulivyosema. Hakuniambia asante hata siku moja, na vyombo alivirudisha kwa Uwitonze, si kwangu. Mara moja tu aliniita. "We njo ule katoto kalikuwa nyuma ya ng'ombe?" Nikasema ndiyo. "Uliniona?" Nikasema nilikuona. Akasema, "Basi," akageukia ukuta. Nimekaa na hilo basi mpaka leo, na sijui kama alinisamehe au alichoka tu kuzungumza nami.

Niliandika peke yangu. Jumamosi ile, mbele ya chefu na wazee wawili, niliandika kwamba mwaka 1974 nyumba haikuwa tupu, kwamba Mukandayisenga alikuwa anaishi ndani yake tangu 1964, kwamba baba yangu Bisengimana alijua na alisema uongo, na kwamba mimi niliona kwa macho yangu. Herufi zangu ziliharibika, na mimi ni mwalimu. Chefu alisoma akavua miwani. "Mama, unajua hii karatasi wajukuu wa huyu mama watakuya nayo siku moja?" Nikamwambia najua. Mdogo wangu aliye Goma amepata habari, amenipigia simu kunitukana, na amesema nisimhesabu tena kama ndugu. Yeye alizaliwa kwenye nyumba hii.

Kuhusu baba yako sikuandika lolote. Kwenye karatasi kulikuwa na mstari wake, nikauacha wazi. Ukitaka kuujaza, ujaze. Usitake, ubaki hivyo. Na usije ukadhani ni wema. Sikutaka tu jina la mwanamume mwingine kwenye karatasi yake.

Amelala mbele, hatua tatu kutoka ngazi. Kila anayekuja hapa analizunguka kaburi, na mimi pia, asubuhi nikienda kukamua na jioni nikirudi. Umeandika kwamba hutanisamehe. Sikuomba. Mimi nawe hatujamaliza, na siku utakapofika na madai yako utanikuta na yangu, kwenye baraza hii hii au mbele ya hakimu. Lakini njoo. Ukifika usinitafute mimi kwanza.

Kuna jambo moja utaliona kwenye kitabu cha chefu, na ni afadhali ulisikie kwangu. Kitabu kina mahali pa kuandika jina la mwenye kuzika, na pembeni yake, ni nani kwa marehemu. Chefu aliandika jina langu, halafu akasimamisha kalamu akinitazama. Si binti yake. Si mkwe wake. Kusema jirani niliona aibu. Uwitonze alikuwa amesimama hapo na udongo miguuni, anasubiri kusikia nitasema nini. Nikachukua kalamu mkononi mwa chefu, nikaandika mwenyewe: tulimkuta nyumbani kwake.

Vénantie Kayitesi